Uturuki inagombana na wakubwa na kupatana nao kila mwaka. Kwa nini inashindwana na majirani wadogo? (Uzi mrefu, karibuni)

Baba Naima (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu umekaa kiporo kwangu zaidi ya mwaka. Leo Jumapili, Novemba 2025, duka nimefunga, mvua za vuli zinanyesha, nimeamua niuandike wote. Ni mrefu, nawaomba uvumilivu.

Mimi nauza nguo za kike Kariakoo, na tangu 2013 nafuata mzigo Istanbul mara mbili tatu kwa mwaka. Siasa za Uturuki nimejifunzia Laleli. Anayepajua Laleli anajua: mtaa mzima ni maduka ya jumla, na kwenye vibao Kirusi kimetangulia. Tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike mwaka 1991, Warusi, Waukraine na watu wa Asia ya Kati ndio waliokuwa wakiujaza mtaa ule, wakibeba nguo kwenye mabegi makubwa kama sisi.

Novemba 24, 2015 ndege za kivita za Uturuki zikaitungua ndege ya Urusi aina ya Su-24 kwenye mpaka wa Syria. Rubani mmoja akauawa kwa risasi akiwa anashuka na parachuti. Nilifika Laleli Januari iliyofuata. Mzee ninayechukua magauni kwake nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mikono ndani ya koti, chai imepoa pembeni. Kwa kawaida dukani kwake hupati hata pa kuweka begi chini. Siku ile nilikuwa mteja peke yangu. Akanipunguzia bei kabla sijaomba, nikajua hali ni mbaya. Moscow ilikuwa imesimamisha ndege za watalii, imerudisha viza, imepiga marufuku nyanya za Uturuki. Nikamwambia pole. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha dukani: watapatana tu, gesi ni yao, mlango ni wetu.

Nililichukulia kama neno la kujifariji. Juni 2016 Rais wa Uturuki, Erdoğan, akamwandikia Putin barua ya masikitiko, Agosti 9 wakakutana St. Petersburg. Desemba 19 mwaka huohuo balozi wa Urusi, Andrei Karlov, akapigwa risasi na askari polisi wa Kituruki kwenye ukumbi wa maonyesho ya picha Ankara, kamera zikiwaka. Nikasema sasa basi, hapa imekwisha. Kesho yake mawaziri wa mambo ya nje wa Urusi, Uturuki na Iran walikaa Moscow kuzungumzia Syria, kikao kilekile kilichokuwa kimepangwa. Hakikuahirishwa hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia kwa makini. Nilichokiona ni kwamba Waturuki wanatenganisha kesi. Syria ina faili lake, gesi faili lake, Libya faili lake, na faili moja likinuka halibebwi kwenda kwenye meza ya jingine. Syria walikuwa wanawaunga mkono waasi, Urusi ilikuwa na Rais Bashar al-Assad. Libya wao wako na serikali ya Tripoli, Warusi wako kwa Haftar, jenerali wa upande wa mashariki. Karabakh, ardhi waliyoipigania Armenia na Azabajani, wao wako na Azabajani, na Urusi ndiye mshirika wa mkataba wa Armenia. Pande mbili katika vita tatu! Na katikati ya hayo, Januari 2020, Erdoğan na Putin wanafungua pamoja bomba la gesi la TurkStream linalopita chini ya Bahari Nyeusi. Mwezi uliofuata, Februari 27, askari 33 wa Uturuki wanauawa kwa shambulio la anga huko Idlib, Syria. Wiki moja baadaye Erdoğan yuko Moscow anasaini kusitisha mapigano. Wakati wote huo kampuni ya serikali ya Urusi, Rosatom, inaendelea kujenga mtambo wa nyuklia wa Akkuyu kwenye pwani ya Mersin.

Sasa turudi kwenye mlango wa yule mzee. Ukipanda kivuko Eminönü kwenda Üsküdar, utaona meli ya mafuta inapita kati ya misikiti na nyumba za watu, karibu kiasi cha kusoma jina lake kwa macho. Bosphorus sehemu nyingine haifiki hata kilomita moja kwa upana. Urusi, Ukraine, Romania, Bulgaria na Georgia, wote hao wakitaka kutoka Bahari Nyeusi lazima wapite pale. Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 ndio unaoipa Uturuki mamlaka ya mlangobahari ule. Meli za kivita za nchi zisizo na pwani ya Bahari Nyeusi zikiingia haziruhusiwi kukaa zaidi ya siku 21, na ikitokea vita ambayo Uturuki haimo, inazifungia meli za kivita za wanaopigana, isipokuwa zinazorudi kituoni kwake.

Vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022, Ankara haikukawia. Siku chache tu ikatamka kwamba hii ni vita, na mlango ukafungwa. Haikuiwekea Urusi vikwazo, ndege za Moscow zikaendelea kutua Istanbul. Lakini droni za Bayraktar nazo zikaendelea kwenda Kyiv. Julai 22, 2022 wakaketisha Urusi na Ukraine kwenye jumba la Dolmabahçe pamoja na Umoja wa Mataifa, ukapatikana mkataba wa nafaka. Kwa mwaka mmoja zilitoka karibu tani milioni 33. Meli ya kwanza ya msaada wa chakula, Brave Commander, ilibeba tani 23,000 za ngano hadi Djibouti kwa ajili ya Ethiopia. Ngano ile ilipita chini ya madaraja ya Istanbul kwa sababu nchi moja ilikuwa bado inaongea na wote wawili. Urusi ilijitoa Julai 17, 2023, lakini hata mwaka huu Warusi na Waukraine wamekutana Istanbul mara tatu, Mei, Juni na Julai.

Kwa washirika wake wa NATO mchezo ni uleule. Wamo tangu 1952, jeshi lao ni la pili kwa ukubwa baada ya Marekani, na hawajawahi kuwa wa kusema ndiyo tu. Machi 1, 2003 Bunge lao lilipigia kura ombi la Marekani la kupitisha askari kwenda Iraki. Ndiyo 264, hapana 250, waliojizuia 19. Kwa kanuni za Bunge lile ndiyo ilipaswa kuvuka nusu ya waliokuwamo ukumbini, haikuvuka, Wamarekani wakakosa njia ya kaskazini. Mwaka 2019 wakapokea S-400, mitambo ya Urusi ya kutungulia ndege, wakatolewa kwenye mradi wa ndege za kivita za F-35. Uswidi ilipoomba kuingia NATO Mei 2022, ikasubirishwa hadi Januari 2024 ndipo Bunge la Uturuki likaridhia. Siku tatu baadaye Washington ikaidhinisha kuwauzia F-16 za dola bilioni 23.

Haya yote nayaheshimu. Kinachonisumbua ni upande wa pili. Nchi hii iliyopatana na Urusi baada ya kuitungulia ndege, iliyopatana na Misri, na Saudia, na Falme za Kiarabu, nchi ambayo mpaka wake na Iran kwa sehemu kubwa unafuata mkataba wa mwaka 1639, mbona imeshindwa kufungua lango moja na Armenia tangu 1993? Mbona kisiwa cha Kupro kimegawanyika vilevile tangu 1974? Wakubwa wanapatana nao kwa miezi saba. Wadogo, miaka hamsini.

Hoja yangu ni hii: kutenganisha mafaili kunafanya kazi pale mwenzako ana kitu cha kubadilishana. Ambapo kesi yenyewe ni makaburi na nyumba za watu waliofukuzwa, hakuna faili la pembeni la kuhamia.

Nimewasilisha. Karibuni.

---

Kijana Mtulivu

Nimeweka kambi. Mkuu, uzi umeshiba.

---

Baharia wa Malindi

Baba Naima, nakupongeza, ila naomba nikurekebishe mahali pawili. Nimefanya kazi kwenye meli za mizigo miaka kumi na tisa, Bosphorus nimepita mara nyingi kiasi kwamba sina hesabu.

Kwanza, mlango ule si wao kama unavyoueleza. Meli ya biashara wakati wa amani ina uhuru wa kupita, ndivyo Montreux inavyosema, na hata rubani wa kuongoza meli si lazima kumchukua, ingawa nahodha mwenye akili atamchukua. Ukitokea Mediterania unapita Dardanelles, unavuka Marmara, unatia nanga Ahırkapı na kusubiri zamu. Kwenye kona ya Kandilli mkondo unakusukuma ubavuni, meli inageuka nyuzi 45, na mbele yako huoni nani anakuja. Pale Yeniköy kona ni kali zaidi, nyuzi 80. Ukiwa na meli ya mita mia mbili, na vivuko vya abiria vinakatiza mbele yako kama daladala, hata mabaharia wazoefu hunyamaza. Wanachotoza ni ada za taa, afya na uokoaji, zilizopangwa kwa faranga ya dhahabu ya enzi zile. Oktoba 2022 wakazipandisha mara tano, kutoka senti 80 za dola hadi dola 4 kwa kila tani. Hawakugusa mkataba, wamegusa hesabu tu. Hilo nalo ni somo la diplomasia.

Pili, na hapa ndipo tunapoachana kabisa: unaita ufundi, mimi naita uhitaji. Gesi na mafuta karibu yote wanayotumia wananunua nje. Tazama tarehe za hao waliopatana nao. Mwaka 2021 lira, sarafu yao, ilipoteza asilimia 44 ya thamani yake mbele ya dola. Novemba mwaka huo mrithi wa kiti cha Abu Dhabi, Mohammed bin Zayed wa Falme za Kiarabu, akapokelewa Ankara kwa heshima zote, wakati miaka mitano nyuma vyombo vya habari vya Uturuki vilikuwa vinaituhumu nchi yake kuhusika na jaribio la mapinduzi. Aprili 2022 mahakama ya Istanbul ikaihamishia Saudia kesi ya mauaji ya Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudia aliyeuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia palepale Istanbul, Oktoba 2, 2018. Mwezi uleule Erdoğan akapanda ndege kwenda Jeddah. Mchumba wake Khashoggi alikuwa nje siku ile ya mauaji, anamsubiri atoke na karatasi za ndoa. Kwake yeye hilo faili halikutenganishwa. Lilitolewa kama malipo.

---

Baba Naima

Mzee wangu wa baharini, asante kwa darasa. La Montreux nakubali, nilikaza mno.

La lira umenigusa pabaya. Desemba 2021 nilikuwa kule. Dola zangu zilinunua mzigo ambao sijawahi kuununua kabla wala baada ya hapo. Bei kwenye vioo vya maduka zilikuwa zinafutwa na kuandikwa upya, mahali pengine mara mbili kwa siku. Nilirudi na faida, na yule mzee wa magauni alikuwa amepunguza wafanyakazi wake nusu. Kwa hiyo siwezi kubisha kwamba njaa haikuwamo.

Ila uhitaji peke yake hautoshi kueleza. Nchi ngapi zina uhitaji na bado zinashindwa kupatana na mtu? Misri waligombana nayo tangu Rais Morsi alipopinduliwa 2013. Wakaanza kwa kupeana mikono Doha kwenye Kombe la Dunia 2022, wakarudishiana mabalozi 2023, Februari 2024 Erdoğan akaenda Cairo, Septemba Rais Sisi wa Misri akaenda Ankara. Hatua kwa hatua, bila yeyote kati yao kutamka kwamba alikosea. Huo ni ufundi.

La Khashoggi sina jibu. Uko sahihi.

---

Mama wa Ngara

Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma mpaka hapa nikingoja mtu ataje Wakurdi, naona hamna. Mkiwaacha Wakurdi nje hamtaielewa Uturuki hata mkisoma mikataba yote.

Na kisa kimoja kikubwa cha jambo hili kilitokea hapa kwetu. Februari 1999 nilikuwa sekondari. Jiji lilikuwa bado na makovu ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998, watu wamechoka, vyombo vya usalama vya nchi za nje vimejaa. Humo ndani akaletwa Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, kundi la Wakurdi wenye silaha wanaopigana na Uturuki, mtu aliyetafutwa kuliko yeyote Uturuki. Alifika Februari 2 akiwa na pasipoti ya Kupro yenye jina la mtu mwingine, akafichwa nyumbani kwa balozi wa Ugiriki. Siku kumi na tatu. Februari 15 akatolewa kwa gari akiamini anapelekwa uwanja wa ndege aende Uholanzi. Gari lake likatenganishwa na ya Wagiriki, na ndege aliyopandishwa ilikuwa na makomando wa Kituruki wanamsubiri. Picha za video tuliziona kwenye taarifa ya habari: amefungwa kitambaa machoni, jasho linamtoka, mtu aliyefunika uso anamwambia karibu nyumbani. Nakumbuka marehemu baba alizima televisheni, akauliza, hawa wanatafuta nini kwetu tena? Bado tulikuwa tunazika watu wa bomu.

Sasa angalieni alifikaje Nairobi. Miaka mingi alikuwa Damascus, Syria ikimtumia kama fimbo dhidi ya Uturuki, kwa sababu Uturuki ilikuwa inajenga mabwawa kwenye mto Frati na maji ya Syria yanapungua. Oktoba 1998 Uturuki ikapeleka jeshi mpakani, Hafez al-Assad akamtimua, ukasainiwa mkataba wa Adana. Akaenda Urusi, Italia, akaangukia kwa Wagiriki, Wagiriki wakamleta kwetu. Baada ya kukamatwa, balozi za Ugiriki Ulaya, na hata za Kenya, zikavamiwa na Wakurdi wenye hasira. Mawaziri watatu wa Ugiriki wakang'oka, akiwemo wa mambo ya nje, Theodoros Pangalos. Uhusiano wa Ankara na Athens ulikuwa umefika chini kabisa.

Halafu ikaja Agosti 17, saa tisa na dakika mbili za usiku. Tetemeko la İzmit, zaidi ya watu 17,000 wakafa. Waokoaji wa Kigiriki walikuwa kati ya wageni wa mwanzo kufika. Septemba 7 likapiga Athens, watu 143 wakafa, na Waturuki nao wakaenda kufukua. Waziri mpya wa Ugiriki, George Papandreou, na mwenzake wa Uturuki, İsmail Cem, walikuwa tayari wameanza kuandikiana kimyakimya kabla ya tetemeko, ndiyo maana mlango ulipofunguka walikuwa na cha kupitisha. Desemba mwaka uleule, Helsinki, Ugiriki ikaondoa pingamizi na Uturuki ikawa mgombea wa kuingia Umoja wa Ulaya. Februari Nairobi, Desemba Helsinki. Miezi kumi.

Kwa hiyo Baba Naima, nchi ndogo nazo huwa wanapatana nazo. Ila mtazame kila ugomvi wao, ndani kuna Mkurdi. Uswidi ilisubirishwa kwa sababu ya nini? Wakimbizi wa Kikurdi. Marekani wanagombana nayo Syria kwa sababu ya nini? Wapiganaji wa Kikurdi walioipiga ISIS. Vita na PKK imekula watu zaidi ya 40,000 tangu 1984, na imeamua nani ni rafiki wa Ankara na nani si rafiki.

---

Baba Naima

Dada yangu, nimesoma mara mbili. Nilisahau sehemu kubwa, nakiri. Na jambo la Öcalan kukamatwa Nairobi nililisikia nikiwa kijana lakini sikuwahi kuliunganisha na Helsinki.

Basi naomba niongeze cha mwaka huu, maana kinaendana na ulichosema. Februari 27, 2025 huyohuyo Öcalan, akiwa bado gerezani kwenye kisiwa cha İmralı, alitoa wito PKK ijivunje. Mei 12 wakatangaza kujivunja. Julai 11, karibu na Sulaymaniyah kaskazini mwa Iraki, wapiganaji thelathini, nusu yao wanawake, walishuka kutoka pangoni kwa mstari mmoja, kila mtu akaweka bunduki yake kwenye sufuria kubwa la chuma, kisha wakaliwasha moto. Nimeitazama ile video mara nyingi. Kuna mwanamke mmoja anaweka bunduki taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Adhabu ya kifo aliyohukumiwa Öcalan mwaka 1999 ilifutwa 2002, na ilifutwa kwa sababu Uturuki ilikuwa inataka kuingia Ulaya. Angenyongwa, leo nani angetoa ule wito?

---

Mwana wa Eastleigh

Naomba nichangie kidogo upande wa Somalia, kwa sababu watu wa kwetu wanaipenda Uturuki na wana sababu.

Agosti 19, 2011 Mogadishu ilikuwa njaa na risasi. Viongozi wa nje walikuwa wakitujadili kutoka Nairobi, hotelini. Erdoğan akashuka na familia yake, akaingia kambi za wakimbizi. Mwaka uliofuata Turkish Airlines ikaanza kutua. Mjomba wangu aliishi nje miaka ishirini, alirudi kumzika mama yake kwa ndege hiyo, bila hiyo angezikiwa. Tangu 2017 wana kambi ya kufundisha jeshi letu.

Januari 2024 Ethiopia iliposaini na Somaliland makubaliano ya kupata bahari, tulikuwa hatua moja na vita. Nani aliweza kuwaita wote? Ankara. Inafundisha jeshi la Somalia, na huohuo imeiuzia Ethiopia droni. Hakan Fidan, waziri wao wa mambo ya nje, akawa anatoka chumba kimoja kwenda kingine mazungumzo ya mwanzo, maana pande mbili hazikutaka kukaa pamoja, na Desemba 11, 2024 Rais wetu Hassan Sheikh na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy, wakasimama na Erdoğan na tamko. Mimi nasema Alhamdulillah. Wajukuu wa mjomba wangu wako Jijiga, Ethiopia, na Mogadishu kotekote.

Lakini tuwe wakweli pia: meli yao ya utafiti wa mafuta, Oruç Reis, ilikuwa tayari kwenye bahari yetu tangu Oktoba. Hawaji bure.

---

Baharia wa Malindi

Na sisi hawakuja bure. Reli ya Dar hadi Morogoro na kwenda Makutupora imejengwa na Yapı Merkezi yao. Reli ni nzuri, nimeipanda, ila ni biashara.

---

Kijana Mtulivu

Baba Naima, umeahidi Kupro na Armenia halafu umetuacha. Nani mwenye makosa?

---

Baba Naima

Kijana, Kupro siwezi kuilaumu Ankara peke yake, na wengi hapa mtashangaa. Julai 15, 1974 wanajeshi wa Athens walipindua serikali ya Kupro ili kisiwa kiunganishwe na Ugiriki. Siku tano baadaye Uturuki ikateremsha jeshi, ikisema ni mdhamini kwa mikataba ya 1960. Hapo ina hoja. Hoja ikapotea Agosti, serikali ya mapinduzi ikiwa imeshaanguka na mazungumzo yakiendelea, Uturuki ikasonga mbele hadi ikashika zaidi ya theluthi ya kisiwa. Wagiriki waliokuwa kaskazini wakakimbilia kusini, Waturuki waliokuwa kusini wakaenda kaskazini, na funguo za nyumba zikabaki mifukoni. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza jamhuri, na hadi leo inatambuliwa na Uturuki tu.

Lakini Aprili 24, 2004 ulipigiwa kura mpango wa Kofi Annan wa kuunganisha kisiwa. Waturuki wa Kupro asilimia 65 wakasema ndiyo, Ankara ikiwa nyuma yao. Wagiriki wa Kupro asilimia 76 wakasema hapana. Wiki moja baadaye waliosema hapana wakaingia Umoja wa Ulaya, na waliosema ndiyo wakabaki nje. Niambieni, mtu aliyenyoosha mkono akarudishiwa hivyo, ataunyoosha tena lini? Oktoba hii kaskazini wamemchagua Tufan Erhürman, anayetaka mazungumzo ya kuunganisha kisiwa. Namwombea heri.

Armenia ndiyo inayoniuma. Mwaka 1993 Uturuki ilifunga mpaka kwa sababu Armenia ilikuwa inateka ardhi ya Azabajani. Chini yake kuna 1915: maangamizi ya Waarmenia kwenye dola ya Osmani, ambayo Uturuki inakubali kwamba watu wengi walikufa lakini inakataa yaitwe mauaji ya kimbari. Septemba 2008 Rais wa Uturuki, Abdullah Gül, alikwenda Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kutazama mpira, Armenia na Uturuki, kufuzu Kombe la Dunia. Oktoba 2009, Zürich, wakasaini itifaki mbili, mpaka ufunguliwe miezi miwili baada ya kuridhiwa. Baku, yaani Azabajani, ikakasirika, na hakuna Bunge lililoridhia. Ankara ikasema hadi Karabakh irudi.

Karabakh imerudi! Vita ya 2020, halafu Septemba 2023, Waarmenia zaidi ya laki moja wakaondoka kwa siku chache. Agosti mwaka huu Armenia na Azabajani zimeweka saini za awali kwenye andiko la amani, Washington. Sababu iliyofunga lango haipo tena. Lango limebaki. Hapa hakuna gesi wala mkopo unaozuia, ni nchi ya watu milioni tatu hivi mbele ya nchi ya watu milioni themanini na tano, na mkubwa ndiye mwenye ufunguo. Kwa hili naona Ankara haina udhuru.

Februari 2023, baada ya tetemeko lile la kusini mwa Uturuki, malori matano ya msaada kutoka Armenia yaliruhusiwa kuvuka daraja la Margara kwenda Adıyaman. Mara ya kwanza kwa miaka thelathini. Siku chache baadaye waziri wao wa mambo ya nje akafika Ankara, anaitwa Ararat Mirzoyan, jina la mlima ambao watu wa Yerevan wanauona kila asubuhi, na uko Uturuki.

Laleli kuna mama wa Kiarmenia tunakutana kwa yule mzee wa magauni. Kwao Gyumri, mji ulioko karibu kabisa na mpaka, ng'ambo ya pili ni Kars. Reli ipo, treni haipiti. Mwaka jana tulifunga mizigo siku moja, mzee akatukatia gundi ya karatasi wote wawili kutoka roli moja. Yeye akaenda kupanda basi la kuzunguka kupitia Georgia, mimi nikaenda uwanja wa ndege. Nilipofika Dar, nikaoga, nikalala, nikafungua duka, nikamtumia ujumbe kumuuliza kama amefika salama. Akajibu bado yuko njiani.